Mjadala wa Riwaya Umekwama: Tafuta Chanzo Kabla ya Tiba

Klabu nyingi za vitabu hudhoofika polepole. Mkutano mmoja unapooza, unaofuata watu wawili wanatoa udhuru, na baada ya riwaya tatu nne wamebaki wale waliozoeana tu. Mwongozaji huwalaumu wanachama kwamba si wasomaji, wanachama hukilaumu kitabu, na mara nyingi lawama zote mbili hazifiki penye tatizo. Mimi naamini kwamba hitilafu karibu zote zinazoonekana mkutanoni huanzia katika moja ya sehemu tatu: ratiba ya kusoma, swali la kwanza, au umbali uliopo kati ya maneno ya watu na kurasa za kitabu. Hiyo ya tatu ndiyo husahaulika zaidi, kwa hiyo nitairudia mara kwa mara.

Anza na dalili unayoiona. Rekebisha jambo moja kwa kila mkutano, uone limezaa nini. Ukibadilisha matano kwa mpigo hutajua lipi lilisaidia.

Swali limeulizwa, kimya kimetanda

Dalili hii huwatisha waongozaji kuliko zote, na vyanzo vyake hufanana sana kwa nje. Usikimbilie kulijibu swali lako mwenyewe. Waombe wote wafungue mahali pamoja, tuseme pale mhusika mkuu anapoamua kuondoka nyumbani, kisha mtu mmoja asome aya hiyo kwa sauti. Watazame. Wakiufikia ukurasa upesi, na nyuso zikabadilika wakati aya inasomwa, basi kitabu kimesomwa na kasoro iko kwenye swali. Wakihangaika kutafuta, au nusu ya pili ya nakala zao haijawahi kufunguliwa, nenda moja kwa moja kwenye dalili inayofuata.

Swali linaloua mjadala kuliko yote ni "Mmekionaje kitabu?" Linaonekana la ukarimu, lakini linamtaka msomaji atoe hukumu ya kurasa mia tatu kwa sentensi moja, mbele za watu, kabla hajajua wenzake wanafikiri nini. Mtu mwangalifu hunyamaza. Maswali ya ndiyo na hapana nayo yana ubaya wake: yakishajibiwa, yamekwisha. Swali zuri la kufungulia huelekeza kwenye mahali mahususi kitabuni, na huuliza jambo ambalo wasomaji wawili makini wanaweza kulijibu tofauti. Badala ya kuuliza kama baba ni katili, uliza hivi: "Katika sura ya sita baba anazirudisha barua bila kuzifungua. Je, anajua tayari kilichomo, au anaogopa kukijua?" Swali hilo linamrudisha msomaji nyuma kutafuta ushahidi. Na hata mwenye haya atapata la kusema, kwa sababu kinachopimwa ni zile barua, si usomi wake.

Chanzo kingine ni haraka ya mwongozaji. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alichunguza katika miaka ya 1970 muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Alikuta kwamba kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu, kisha hulirudia swali au humwita mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliozoea kukaa kimya wakaanza kuzungumza. Swali la riwaya linahitaji muda mrefu zaidi, kwani msomaji inambidi akumbuke, atafute, kisha apange maneno. Uliza, halafu hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Ikiwa bado hakuna aliyejitokeza, wape dakika tatu kila mmoja aandike jibu lake kwenye karatasi, kisha wasomeane wawili wawili kabla ya kuzungumza wote pamoja. Sijaona njia nyingine inayofungua vinywa kwa uhakika kama hii.

Wengi hawajamaliza kitabu

Piga hesabu kabla ya kumlaumu mtu. Riwaya ya kurasa 300, yenye maneno kama 300 kwa ukurasa, ina maneno 90,000. Anayesoma maneno 200 kwa dakika atahitaji dakika 450, yaani saa saba na nusu. Mtu mwenye kazi na familia, anayepata dakika 20 kila usiku, ataimaliza kwa siku 23 bila kuruka hata usiku mmoja. Ukimpa wiki tatu, umeshampangia kushindwa. Riwaya ya kurasa 500 kwa mwendo huohuo itamchukua siku 38, kwa hiyo haiingii katika klabu inayokutana kila mwezi, labda muigawe kwa mikutano miwili.

Ikiwa ratiba ilitosha, uliza kila mtu aliishia wapi. Majibu yatakupa moja ya picha mbili. Kama kila mmoja aliishia mahali pake, mmoja ukurasa wa 40, mwingine wa 210, tatizo ni muda au upatikanaji wa nakala. Chagueni vitabu viwili mbele ili kila mtu awe na miezi miwili ya kutafuta nakala, na tumianeni ujumbe katikati ya mwezi wa kukumbushana sura ya kufikia. Lakini kama wengi walikwama kwenye kurasa zilezile, tuseme kati ya 70 na 90, msiahirishe mkutano. Mmeletewa mada nzuri ya mjadala bila kuitafuta. Fungueni kurasa hizo pamoja muulizane kumetokea nini: je, msimulizi amebadilika? Wameingia wahusika wapya sita kwa mara moja? Mhusika mliyemfuata tangu mwanzo ametoweka? Hapo kundi litazungumzia ufundi wa riwaya bila kuambiwa kwamba linafanya hivyo, na mara nyingi watu huondoka wakitaka kuendelea.

Je, asiyemaliza aje? Aje, tena akaribishwe vizuri, maana anayeona aibu leo hatakuja tena. Ila ajue mwisho wa hadithi utatajwa. Kundi haliwezi kulinda utamu wa mtu mmoja kwa kuacha kuzungumzia sura ya mwisho, ambamo mara nyingi ndimo kitabu kizima kinapopata maana yake. Suluhisho la haki ni kugawa mkutano: nusu ya kwanza hadi sura mliyokubaliana, nusu ya pili kitabu chote, na anayetaka kuondoka katikati aondoke bila kuulizwa.

Watu wanasimulia kitabu upya

"Halafu akaenda mjini, halafu akakutana na yule mwanamke, halafu…" Saa moja imepita na mmefika sura ya tano. Chanzo chake huwa ni wema: mtu anataka kuonyesha kuwa amesoma, au anawasaidia ambao hawajasoma. E. M. Forster, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, katika mihadhara yake juu ya riwaya iliyochapishwa mwaka 1927, alitenganisha hadithi, ambayo ni matukio yakifuatana kwa wakati, na msuko, ambao ni matukio yakifungamanishwa na sababu. Kundi linalosimulia upya limeishia kwenye hadithi, halijafika kwenye msuko.

Mpe mtu mmoja dakika mbili mwanzoni amalize muhtasari, kisha mlango wa muhtasari ufungwe. Baada ya hapo, kila mtu akianza na "halafu", mrudishe kwa upole na swali la "kwa nini hapa?" Kwa nini riwaya inaanza na mazishi, ndipo itumie kisengerenyuma kuturudisha miaka kumi nyuma? Tumeshajua nani atakufa. Taharuki inatoka wapi sasa? Kwa nini siri ya mama tunaambiwa sisi wasomaji sura tatu kabla binti yake hajaijua? Mpangilio wa matukio ni uamuzi wa mwandishi, na uamuzi wowote unaweza kujadiliwa.

Mjadala unagota kwenye "nilikipenda" na "sikukipenda"

Hapa ndipo klabu nyingi huishia, na ndipo ninapotaka tukae zaidi. Hukumu ya kupenda au kutopenda ni ya kweli na haipingiki. Kwa sababu haipingiki, haizai kitu. Aliyependa amependa, asiyependa hakupenda, wamalize chai waende. Kazi ya mwongozaji ni kuuliza nini kimejificha chini ya neno hilo, maana "sikukipenda" hubeba malalamiko ambayo hayahusiani kabisa.

Wa kwanza anamaanisha kwamba hampendi mhusika. Mtambue kwa jinsi anavyolalamikia matendo: yule mwanamume ni mbinafsi, yule dada ni mjinga. Muulize kama anadhani riwaya inamtaka ampende. Kisha rudini kwenye ukurasa mmoja ambao mhusika huyo anafanya ubaya, mwangalie msimulizi anautazama kwa jicho gani: anauficha, anautetea, au anauweka wazi bila neno? Mara nyingi msomaji hugundua kwamba hasira yake ndiyo riwaya ilikuwa ikiitafuta. Na wakati mwingine hugundua kinyume, kwamba kitabu kinamsamehe mhusika kwa urahisi mno, na hapo lalamiko lake limepata nguvu ya hoja.

Wa pili anapinga anachodhani mwandishi anakisema. Huyu huanza na "mwandishi anataka kutuambia kwamba…" Swali la kumuuliza ni moja: nani kayasema maneno hayo kitabuni? Msimulizi wa nafsi ya kwanza ni mhusika kama wengine. Anaweza kudanganya, kujidanganya, au kutojua asichoambiwa. Pale anaposema "sikuwa na la kufanya" huku kurasa mbili nyuma tumeuona mlango ukiwa wazi, riwaya inatuonyesha nyufa zake. Klabu ikishazoea kutenganisha mwandishi na msimulizi, nusu ya ugomvi wake hupungua.

Wa tatu amechoshwa na uandishi. Usimwachie aseme "kinaboa" tu. Mwombe asome kwa sauti aya moja iliyomchosha, na mwingine asome moja aliyoipenda katika kitabu hichohicho. Ziwekeni pamoja. Urefu wa sentensi, mazungumzo ya wahusika ukilinganisha na maelezo ya mandhari, tamathali zinazorundikana, vyote huonekana haraka zikiwa sambamba. Huenda mkakubaliana naye kabisa, na hilo ni matokeo mazuri.

Wa nne hakuelewa, lakini ni rahisi kwake kusema hakupenda. Huyu ni wa kumhurumia na kumsaidia. Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania aliyeanza na riwaya ya uhalisia *Rosa Mistika* mwaka 1971, alitoa *Nagona* mwaka 1990, kitabu chembamba kinachokwenda kama ndoto na kisichofuata mtiririko wa kawaida wa matukio. Msomaji anayekiendea akitafuta nani alifanya nini lini, atadhani ana upungufu. Kwa riwaya za namna hiyo, acheni kwanza kutafuta maana ya jumla. Kila mtu ataje taswira moja iliyomganda kichwani na ukurasa wake. Ziorodhesheni. Baada ya taswira nane tisa mtaona zipi zinajirudia na zipi zinapingana, na mazungumzo yataanzia hapo, na hakuna atakayelazimika kujifanya ameelewa.

Mtu mmoja anatawala mazungumzo

Kwanza hesabu vichwa. Robin Dunbar, mwanasaikolojia wa Uingereza, na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, walikuta kwamba mazungumzo ya kawaida huhimili watu wanne hivi. Wakizidi, kundi huelekea kugawanyika. Mkiwa kumi na wawili mezani na hamgawanyiki, haishangazi mmoja akigeuka mhadhiri na wengine hadhira. Wagaweni kwa wanne wanne kwa dakika kumi na tano kwa swali moja, kisha mrudi pamoja.

Ikiwa mko sita tu na bado anatawala, sikiliza anazungumza lini. Kama ni baada ya kila kimya, anajaza pengo kwa wasiwasi, na tiba yake ni zile dakika tatu za kuandika. Kama anawakatiza wenzake, mwambie faraghani, baada ya mkutano, kwa heshima. Kama anazungumza sana kwa sababu ndiye aliyejiandaa zaidi, mpe kazi: aandae maswali ya mkutano ujao, kwa sharti kwamba muulizaji ndiye wa mwisho kujibu. Nimeona watu wa aina hii wakawa waongozaji bora kabisa, kwa kuwa mapenzi yao kwa kitabu yalikuwa ya kweli tangu mwanzo.

Wote wanakubaliana upesi mno

Makubaliano ya dakika ya tano hayaaminiki. Katika majaribio aliyoanza kuyachapisha mwaka 1951, mwanasaikolojia wa Marekani Solomon Asch aliwaketisha washiriki pamoja na watu waliokwisha kupangwa kutoa jibu lisilo sahihi kuhusu urefu wa mistari. Takriban theluthi ya majibu ya washiriki ilifuata kosa la wengi, ingawa jibu sahihi lilikuwa mbele ya macho yao. Alipowekwa hata mtu mmoja wa kutoa jibu sahihi, kufuata mkumbo kulipungua sana. Ikiwa ni hivyo kwa mistari inayoonekana, sembuse kwa maana ya riwaya.

Chunguza nani huzungumza wa kwanza. Kama ni mwalimu wa fasihi, au mkubwa kwa umri, au mwenye nyumba, wengine watajipanga nyuma yake bila kukusudia. Waombe hao wazungumze mwishoni. Au kila mtu aandike kabla ya mkutano mhusika anayemwona kuwa na hatia zaidi, karatasi zikusanywe, zisomwe bila majina. Tofauti zikishakuwa mezani, hakuna anayebeba mzigo wa kuwa wa kwanza kupinga. Dawa nisiyoipendekeza ni kumteua mtu apinge kwa kazi tu. Watu huhisi mara moja kwamba hamaanishi, na mjadala unageuka mchezo.

Mazungumzo yamehama kitabu, au yamegeuka ugomvi

Mtu akisema "hata mimi yalinikuta", usimkatize. Riwaya inayogusa ndoa, uyatima au usaliti itaamsha kumbukumbu, na hiyo ni sehemu ya sababu ya kuisoma. Hitilafu hutokea pale kundi linapoanza kumshauri mwenzao, au kuamua kama alikosea. Msikilizeni mpaka amalize, mshukuruni, kisha mumuulize yeye, si mwingine: "Kuna mahali kitabuni ulipoona mwandishi amelipatia, au amelikosea?" Anabaki mwenye mamlaka juu ya maisha yake, na kitabu kinarudi mkononi.

Ugomvi una asili hiyohiyo. Wawili wanaobishana kama mke alifanya vema kuondoka, kwa kawaida wameshaacha kumzungumzia yule mke wa riwayani. Simamisha, uliza kila mmoja aonyeshe sentensi anayoitegemea. Mara nyingi hutokea kwamba wanategemea sura mbili tofauti, na zote zimo. Neno likiwa limemgusa mtu binafsi, hapo kitabu hakitasaidia. Pumzikeni, na aliyelisema aombe radhi kabla mjadala haujaendelea.

Hatuko ukurasa mmoja, kwa maana halisi

Matoleo mawili hutofautiana kurasa, na kwenye simu namba hubadilika mtu akikuza maandishi. Tajeni sura, kisha maneno matatu ya kwanza ya aya. Hivyo hivyo ikiwa wengine wana tafsiri: kundi linalosoma *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 1994, linaweza kuwa na wanaosoma *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022. Kwa sura na aya mtakutana bila shida.

Mkutano wa video unakwama kuliko wa ana kwa ana

Sauti huchelewa kidogo, watu wawili huanza pamoja, wote wawili hurudi nyuma. Toa zamu kwa majina, mpangilio utangazwe mwanzoni, na kila swali liandikwe kwenye sehemu ya ujumbe ili anayekatikiwa na mtandao alikute. Dakika sabini na tano zinatosha.

Mahudhurio yanashuka

Waulize walioacha, mmoja mmoja, na usiwaulize kwa nini hawaji, maana utapewa udhuru. Waulize ni mkutano gani wa mwisho walioufurahia na kitabu kilikuwa kipi. Ukisikia kitabu kilekile kutoka kwa watatu, linganisha na mlivyochagua baadaye: huenda vitabu vimeongezeka urefu, au vimekuwa vya ladha ya watu wawili wanaopenda kupendekeza.

Uchaguzi wa kura ya wazi una kasoro hiyo. Wenye sauti hushinda, na wengine husoma kwa wajibu. Mimi naunga mkono zamu: kila mwanachama kwa mwezi wake analeta riwaya tatu alizokwisha kusoma angalau sura ya kwanza, anasoma ukurasa mmoja mmoja kwa sauti, na kundi linachagua kati ya hizo. Aliyeleta ndiye anayetunga maswali matatu ya kufungulia na kuyatuma wiki moja kabla, kila swali likiwa na sura yake. Wekeni zamu hiyo kwenye orodha ya mwaka mzima, na aliyekosa mikutano miwili apangiwe mwezi ulio karibu zaidi.